Historia ya Marehemu Leonardi Ntahondi, Aliyewapa Mazimwi Kiti Mezani

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani wa Gungu na ndugu zetu mliokuja kwa boti kutoka Kagunga tangu jana, familia inawaomba mkae vizuri kwenye viti, kwa kuwa historia hii ni ndefu kidogo kuliko zile mlizozoea, nayo imeandikwa na Adolf Ntahondi, kaka mkubwa wa marehemu, karani mstaafu wa bandarini, ambaye ndiye anayewasomea, na ambaye hajawahi kuandika jambo lolote bila kuliwekea tarehe. Mengi yaliyomo yametolewa katika madaftari makubwa kumi na tisa yaliyokutwa kabatini kwa marehemu, na pale mtakaposikia kwamba marehemu aliwaza hivi au alihisi vile, mjue aliandika mwenyewe, familia haikumtungia.

Leonardi Ntahondi alizaliwa tarehe 6 Novemba 1976 katika kijiji cha Kagunga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Feliksi Ntahondi, mvuvi wa dagaa aliyetutangulia mwaka 2003, na Mama Skolastika, ambaye tunaye hapa mbele, na alibatizwa tarehe 25 Desemba mwaka huohuo. Alikuwa mtoto mwoga wa maji, jambo la kutia aibu kwa mtoto wa mvuvi, na sababu ilikuwa ni mama mwenyewe, aliyewakataza watoto wake kuogelea jioni kwa kuwatajia zimwi wa ziwani, mrefu, aliyelowa siku zote, mwenye kucha na asiyesema neno, wakamsikiliza mama wote watano, wanne wakaendelea kuogelea, na Leonardi akauliza huyo zimwi ana urefu wa futi ngapi.

Alisoma Shule ya Msingi Kagunga kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari ya kutwa mjini Kigoma kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, akiishi kwa shangazi yetu Kasingirima, kisha mwaka 1996 akaenda Morogoro katika chuo cha ardhi, ambako alihitimu cheti cha uchoraji ramani mwaka 1998. Huko chuoni, mwezi Machi 1997, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na mjomba baharia alileta bwenini kitabu kisicho na jalada, chenye upungufu wa kurasa kuanzia ya arobaini hadi ya sabini na moja, pamoja na dadu tano za pande nyingi, na vijana sita wakaanza kucheza mchezo wakiwa hawana theluthi moja ya kanuni zake, nyingine wakijitungia wenyewe, na marehemu ameandika kwamba zile walizojitungia ndizo zilizomnogea.

Kwa wazee wasioujua mchezo huu, na msomaji wenu alikuwa mmoja wao hadi juzi, ni mchezo wa mezani usio na ubao wala mshindi, ambamo mmoja, aitwaye msimamizi, husimulia nchi isiyokuwepo, yenye miji yake, watawala wake na majoka yake, na wengine kila mmoja hushika mtu wake, aliyeandikwa kwenye karatasi, jina lake, nguvu zake, akili zake na hofu zake, akaamua mtu huyo afanye nini, na jambo likiwa halina uhakika, dadu hurushwa. Mtu wako anaweza kuwa binadamu, au wa jamii nyingine ambayo kanuni zinaruhusu, kama vile wafupi wa milimani au watu wa misituni, lakini zimwi hachezwi na mchezaji, zimwi ni wa msimamizi, kazi yake ni kutisha na kuuawa.

Tarehe 1 Julai 1999 marehemu aliajiriwa kuwa mchora ramani katika idara ya ardhi hapa mjini, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitano na miezi mitano, kwanza kwa kalamu na rula, baadaye kwa kompyuta, na wenzake wa ofisini wamethibitisha kwamba hakuna mpaka wa kiwanja alioupinda kwa ajili ya mtu yeyote, wakiwemo ndugu zake wa damu, na hilo msomaji wenu anaweza kulithibitisha pia, kwa kuwa aliwahi kumwomba. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2002 alifunga ndoa takatifu na Agnesi, mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa watoto wawili, Diana aliyezaliwa mwaka 2004 na Jeremia aliyezaliwa mwaka 2007. Agnesi alikubali mambo mengi katika ndoa hiyo, mojawapo likiwa ni mumewe kukaa miezi minne barazani akichonga dadu ya pande ishirini kwa mti wa mpera, ambayo pamoja na jitihada zote ilipenda mno kuangukia saba.

Meza yenyewe ilianza Jumamosi ya tarehe 7 Machi 2009, saa tisa alasiri, sebuleni kwake hapa Gungu, na iliendelea karibu kila Jumamosi kwa miaka kumi na sita, Leonardi akiwa msimamizi, na wachezaji wakiwa watatu, yaani Pastory, dereva wa bodaboda, Shadia, muuzaji wa duka la dawa kule Ujiji, na Petero Ndayikeza, fundi cherehani wa Kasingirima, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na yeye akazaliwa upande huu mwaka 1981. Mchezo aliuandika upya kwa Kiswahili, akauita Mwambao, akauchorea ramani yenye vipimo sahihi, na upande wa maji marefu akaweka mazimwi wa kilindi, warefu, waliolowa, wenye kucha, wasiosema, kama alivyohadithiwa na mama, safari hii akiwapa urefu wa futi nane na nusu. Mwaka 2011 mwenyekiti wa jumuiya alifika bila taarifa kuchunguza kama humo ndani kunafanyika uchawi, akakuta watu wazima wanne wakibishana kama mbuzi mwenye mimba anaweza kuvuka mto, akanywa chai, akaondoka. Mwaka 2012 Adolf naye alimwambia mdogo wake kwamba mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na pensheni, hapaswi kushinda na mazimwi, na Leonardi akamjibu kwa heshima, "Sawa kaka," na Jumamosi iliyofuata akaendelea.

Sasa familia inafika kwenye jambo lililochukua miaka sita ya mwisho ya marehemu, na inaomba usikivu. Kanuni ya thelathini na moja ya Mwambao ilisema kwamba mtu yeyote atakayeumwa na zimwi, asipopona kwa dadu tatu, anageuka kuwa zimwi, na karatasi yake inachukuliwa na msimamizi. Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 2018, mtu wa Petero, aitwaye Bizoza, mvushaji wa abiria kwa mtumbwi, ambaye Petero alikuwa amemshika kwa miaka tisa na miezi mitano, alirudi ukingoni kumchukua mtu wa Shadia aliyeachwa nyuma, akamwokoa, akaumwa yeye, na Petero akarusha dadu mara tatu, akapata nne, saba na mbili. Leonardi akanyoosha mkono achukue karatasi, kama kanuni ilivyosema, kama alivyokwishafanya kwa watu wawili wa Pastory ambaye alicheka tu na kuandika mwingine.

Petero hakucheka. Yapasa ielezwe kwamba mwaka 2013 karani wa ofisi moja, si ya mkoa huu, aliichukua karatasi ya kuzaliwa ya Petero kwa maelezo kwamba inakwenda kuhakikiwa, na haikurudi hadi leo, na kwa miaka yote iliyofuata Petero amekuwa akijieleza yeye ni nani mbele ya kila dirisha analofika, huku majirani zake hapa wakijua habari hiyo, na Leonardi akiijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyemwandikia barua za kuifuatilia. Petero aliishika ile karatasi ya Bizoza kwa mikono miwili na kusema taratibu, "Kaka Leo, hata hapa karatasi yangu inachukuliwa?" na Leonardi, ambaye mkono wake ulikuwa tayari hewani, akajibu, "Ni kanuni, Petero." Petero akaiweka mezani, akainyoosha kona iliyokuwa imejikunja, akaenda jikoni kumuaga Agnesi, akatoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Katika daftari la kumi na moja, chini ya tarehe hiyo, marehemu aliandika sentensi moja tu, "Leo nimekuwa karani," sentensi ambayo kaka yake, aliyekuwa karani kwa miaka thelathini na mmoja, aliisoma mara mbili. Leonardi aliona aibu, na aibu hiyo haikumtoka, ameitaja katika madaftari yote manane yaliyofuata.

Tarehe 25 Agosti 2018 alikwenda Kasingirima kwenye kibaraza cha Petero, akiwa na karatasi ndani ya bahasha, ili amrudishie na kumwambia kwamba Bizoza amepona, yaishe. Petero alimkaribisha vizuri, akamtolea kiti cha wateja, akaagiza chai, akaisikiliza hoja yote huku akiendelea kushona, kisha akasema, "Hapana kaka, hiyo ni huruma. Bizoza ameumwa, sote tulikuwepo, dadu tumeziona. Ukimponya kwa ajili yangu, hao wa Pastory utawaambia nini? Mimi nikirudi nitarudi na yeye hivyohivyo alivyo, zimwi, na nikae kwenye kiti changu. Kama kanuni zako hazina kiti cha zimwi, basi hazina, tusisumbuane." Leonardi alimaliza chai, akarudi nyumbani na bahasha yake, na kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa moja, kumfanya zimwi awe wa jamii inayoweza kushikwa na mchezaji, bila kumpendelea na bila kumdanganya.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa sababu zimwi ameumbwa ili apigwe, hakuna aliyewahi kuandika anakula nini siku asipokula watu, watoto wake wanalelewa na nani, au anaogopa nini. Rasimu ya kwanza ilijaribiwa tarehe 16 Februari 2019, zimwi akiachiwa nguvu zake zote, akashikwa na Pastory, na kwa dakika arobaini Pastory akawa amekula kijiji kizima, chifu akiwemo, pamoja na mhunzi aliyekuwa akihitajika kwa ajili ya safari, akawa anapiga makofi, "Oya, hii kitu ni noma," hadi Shadia alipofunga daftari lake na kuuliza, "Sasa hapa tunacheza au tunazika?" Rasimu ya pili ilijaribiwa tarehe 11 Julai 2020, na humo Leonardi alikuwa amepunguza kucha, ameondoa kuuma, amempa zimwi sauti na adabu, Shadia akamshika kwa saa mbili, akamrudisha mezani na kusema, "Mjomba, huyu si zimwi, huyu ni mtu wa Ujiji aliyenyeshewa." Leonardi aliandika kwamba Shadia alisema kweli, na kwamba yeye amefanya kilekile alichokikataa Petero, amemponya zimwi kwa mlango wa nyuma.

Alikaa mwaka mzima bila kuandika rasimu nyingine, na Agnesi anasema alikuwa akishika tama hata akiwa mezani kwa chakula. Jumatatu ya tarehe 23 Agosti 2021 alikwenda Kagunga kumjulia hali mama, ikiwa ni siku za mbalamwezi, ambazo, kama mnavyojua watu wa mwambao, taa hazimvuti dagaa, naye hapandi juu, mitumbwi hulala mchangani, wanaume hushinda wakishona nyavu, na sufuria huwa nyepesi hadi mwezi upungue. Alimwamkia mama, wakakaa nje, na kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni, akamuuliza yule zimwi wa utotoni alikuwa akila nini, na Mama Skolastika, bila kuacha kuchambua maharage, akamjibu, "Siku zote anakula dagaa, atakula nini kingine ziwani? Siku za mwezi dagaa hapandi, naye ana njaa kama sisi. Atakula alichonacho, au atakwenda kwa jirani." Leonardi akauliza, je, jirani asipomfungulia? Mama akasema, "Hapo ndipo anapokuwa zimwi."

Marehemu alirudi kwa boti ya asubuhi yake, akiandika juu ya magoti, na maji yamerukia kurasa kadhaa. Kutokana na maneno hayo alijenga rasimu ya tatu, ambamo zimwi amebaki na futi zake nane na nusu, kucha zake na kuuma kwake, hakuna kilichopunguzwa, lakini amepewa njaa inayohesabiwa kwa mwezi, kwamba siku kumi za mbalamwezi hawezi kujilisha mwenyewe, lazima alishwe kwa mkono wa mwenzake, na mwenzake huyo lazima apunguze chakula chake mwenyewe kwenye karatasi yake, akikataa, zimwi atauma, na atamuuma huyohuyo. Amepewa pia kumbukumbu moja ya maisha aliyokuwa nayo kabla ya kuumwa, ambayo mchezaji anaichagua na msimamizi haruhusiwi kuigusa. Kanuni ya thelathini na moja ilikatwa kwa mstari mmoja wa wino, rula ikitumika, na badala yake yakaandikwa maneno mawili, "Karatasi haichukuliwi."

Kujaribu, kurekebisha na kuandika kwa usafi kulichukua miaka mingine mitatu na zaidi, kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa kulipua kazi, na kwa kuwa mwezi Machi 2023 alianza kupungua mwili na kuumwa ubavu wa kulia. Alitibiwa hospitali hapa Kigoma, akapewa rufaa kwenda Mwanza, na huko tarehe 19 Juni 2023 ilithibitishwa kuwa ni saratani ya ini. Aliendelea na kazi ofisini hadi tarehe 29 Novemba 2024, alipoombwa na mwajiri wake apumzike, na baada ya hapo aliandika kila siku, kurasa chache lakini kila siku, akasahihisha jedwali la njaa mara sita, na tarehe 2 Februari 2025 akamaliza, kurasa thelathini na nne, zenye kichwa kisemacho Watu wa Kilindi.

Pastory alizipeleka kurasa hizo Kasingirima kwa pikipiki siku hiyohiyo. Petero alikaa nazo wiki tatu, na wiki hizo tatu, kwa mujibu wa Agnesi, zilimsumbua mgonjwa kuliko ini, kisha zikarudi zikiwa na maswali kumi na moja kwa penseli pembeni, mojawapo likiuliza kama zimwi anaruhusiwa kukataa chakula cha mtu anayempa kwa dharau, na Leonardi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, akajibu yote kumi na moja, hilo akilijibu kwa ukurasa mzima. Ilichukua barua nyingine mbili za namna hiyo, na mwishoni mwa Aprili Petero akatuma salamu kwamba atakuja.

Jumamosi ya tarehe 10 Mei 2025, saa tisa alasiri, Petero Ndayikeza aliingia sebuleni mle baada ya miaka sita na miezi minane, akasema, "Amahoro," yaani amani kwa Kirundi, akaketi kwenye kiti chake, na Leonardi, akiwa amelazwa kochini na kuegemezwa mito mitatu, akamkabidhi karatasi ya Bizoza, ileile, iliyobadilishwa mstari mmoja tu, kwamba mahali palipoandikwa jamii, neno binadamu limekatwa na kuandikwa mtu wa kilindi. Petero aliisoma yote kabla ya kuiweka mezani, na pale pa kumbukumbu akaandika kwa mkono wake, "Nilikuwa nikivusha watu hapa." Siku hiyo walicheza saa moja na nusu, Bizoza akatoka majini siku za mbalamwezi, mtu wa Shadia, yuleyule aliyeokolewa mwaka 2018, akampunguzia chakula chake bila kuombwa, wakatembea pamoja hadi kwenye lango la mji alikozaliwa Bizoza, na hapo Leonardi, akitoa sauti ya mlinzi wa lango, akauliza, "Wewe ni nani?"

Petero akajibu, "Mimi ni Bizoza." Kwa kanuni mpya, zimwi anayetaka kuingia mjini anapaswa kurusha dadu na kupata kumi na tano au zaidi, ambayo kwa ile dadu ya mpera ni taabu, na Petero akaishika, akauliza, "Nirushe?" Leonardi akatikisa kichwa, akafungua mdomo aseme kitu, kikohozi kikamkamata kwa muda mrefu, Agnesi akaingia na kusema imetosha, naye alipopata pumzi akasema tu, "Tuishie hapo. Jumamosi." Walipokuwa nje wakivaa viatu, Petero alimwambia Shadia kwamba kwa alivyoona yeye, kichwa kile kilisema hapana, mlinzi hakumpokea, na kwamba si neno, kanuni ni kanuni, ila angependa kujua. Shadia akamwambia asubiri Jumamosi.

Hali ya Leonardi ilibadilika Jumanne, akapelekwa hospitali, na Alhamisi ya tarehe 15 Mei 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akafariki dunia, mkewe na kaka yake wakiwa kando ya kitanda chake. Ameishi miaka arobaini na minane, miezi sita na siku tisa. Ameacha mama, mjane, watoto wawili, kaka, dada na wadogo, na msomaji wenu anaomba aseme hapa waziwazi kwamba alimpenda mdogo wake na hakumwelewa, na kwamba amemwelewa kwa siku mbili hizi, akiyasoma madaftari, akiwa amechelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Kigoma na wa Mwanza waliomhudumia kwa miaka miwili, hasa muuguzi wa zamu ya Jumatano ambaye alimruhusu kulala na daftari chini ya mto, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya ardhi, waliochangia nauli za rufaa na kuleta gari leo, inawashukuru majirani wa Gungu kwa maturubai, kuni na maji, akina mama wa jumuiya kwa kupika tangu juzi, Pastory na madereva wenzake walioacha shughuli zao wakabeba wageni kutoka bandarini bila kudai kitu, na Shadia, aliyefuatilia dawa za maumivu pale zilipokuwa zimekwisha mjini. Wale ambao hatukuwataja, si kwamba tumewasahau, ni karatasi imekwisha.

Limebaki jambo moja, ambalo si desturi kusomwa msibani, na kabla ya kuliandika Adolf aliwauliza mama, Agnesi na Baba Paroko, wote watatu wakasema lisomwe. Msimamizi wa mchezo huu huandika mapema yatakayokuwepo njiani, ili asije akabadilisha kwa upendeleo au kwa hasira wakati watu wameshaketi, na Leonardi hakuwahi kusimamia siku moja bila kuandika jana yake. Katika daftari la kumi na tisa, chini ya tarehe 9 Mei 2025, siku moja kabla Petero hajarudi, ipo mistari mitatu, mwandiko ukiwa umeanza kuyumba, nayo inasema hivi: "Langoni mlinzi atamuuliza jina. Akilitaja, afunguliwe. Asirushe dadu."

Petero Ndayikeza, uliyesimama pale nyuma na mafundi wenzako, leo ni Jumamosi, na jibu lako ndilo hilo, alikuwa nalo tangu mwanzo, pumzi tu ndiyo iliyomkosa. Leonardi, mdogo wetu, jibu umelitoa, sasa ulale kwa amani.